Kabla ya Kununua Kipimapembe

Leo naweka kando presha na chanjo, naingia karakana. Wengi wetu tumekuwa maseremala ugenini bila kukusudia. Fleti nyingi hukodishwa tupu, makabati ya dukani yana bei, na katika mji wa bandari mbao za makasha ya mizigo hazikosekani. Mtu huanza na rafu ya viatu, mara anajikuta anatengeneza kitanda cha mtoto. Hapo ndipo swali linapokuja: ninunue kifaa gani cha kupimia pembe?

Ushauri wangu ni kwamba usianze na kifaa, anza na kazi. Kuna maswali matatu tunayouliza kuhusu pembe. Je, kona hii ni mraba? Je, pembe hii inalingana na ile? Je, hii ni nyuzi ngapi? Kila swali lina kifaa chake, na anayenunua kifaa cha swali la tatu wakati kazi yake inauliza la kwanza ametupa pesa.

Sisi wauguzi tunaishi na tofauti hii kila siku. Sindano ya msuli huingia kwa nyuzi 90, ya chini ya ngozi mara nyingi kwa 45, ya ndani ya ngozi kwa kama 10 hadi 15. Hakuna anayetoa kipimo mfukoni. Jicho na mkono vimezoeshwa. Lakini mgonjwa akiagizwa alale kichwa kimeinuliwa nyuzi 30, hatukadirii, tunasoma alama za kitandani. Na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayefuatilia goti lililofanyiwa upasuaji hutumia goniometa, ile yenye mikono miwili na bawaba katikati, kwa sababu anataka kujua goti limekunjika nyuzi ngapi zaidi ya wiki jana.

Tuanze na swali la kwanza, la mraba. Hili ndilo kubwa nyumbani, kwani meza, droo, rafu na mlango vyote vinataka nyuzi 90. Kifaa chake ni skwea, na hiki ndicho cha kununua kwanza na cha kutofanyia ubahili. Ijaribu ukiwa bado dukani. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari kwa penseli, kisha igeuze upande wa pili na uchore tena ukianzia palepale. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana, kosa la skwea ni nusu ya mwachano huo. Kwa vitu vikubwa tumia tepu: pima sentimita 30 upande mmoja wa kona, 40 upande wa pili, na umbali wa kati ya alama hizo mbili lazima uwe 50. Kwa fremu, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Fremu iliyo mraba ina mishazari miwili iliyo sawa.

Swali la pili ni la kulinganisha. Kuta za fleti zetu mara nyingi si mraba, na rafu ya kona uliyoikata kwa nyuzi 90 kamili itaacha mwanya. Hapa huhitaji namba. Unahitaji kile kifaa chenye mpini na ulimi wa chuma unaokazwa kwa skrubu. Wengine hukiita beveli. Kibane ukutani, kaza skrubu, kipeleke kwenye ubao, chora. Iwe ni nyuzi 87 au 92, ubao hautauliza. Kifaa hiki ni cha bei nafuu na hakina betri. Unaponunua, kaza skrubu kisha usukume ulimi kwa kidole. Ukiteleza, rudisha rafuni.

Na msiidharau bikari. Watoto wakitaka nyota au umbo la pande sita kama wanayoyaona kwenye mbao za zamani za Al-Balad au kwenye milango ya Lamu na Zanzibar, bikari na rula vinatosha. Chora duara, kisha bila kubadilisha upana wa bikari piga hatua kuzunguka duara hilo. Utapata alama 6 zilizo sawa, nyuzi 60 kila moja kutoka kitovuni. Ni somo zuri la hisabati kwa watoto mchana wa Ijumaa.

Swali la tatu, la namba, lina wakati wake. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Mombasa kututembelea na kufanya umra, alikuja na kiti cha magurudumu. Kizingiti chetu kina urefu wa sentimita 9. Baba watoto alitaka rampu ya sentimita 70 ili isizibe njia, na mama mwenyewe alisema, "Wanangu, nataka kutoka nikitaka, si kusukumwa kama mzigo wa bandarini." Kanuni inayotumika sana kwa viti hivi ni mteremko wa 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji 12 za kwenda mbele. Kwetu ilikuwa sentimita 108, mteremko usiofika nyuzi 5. Ile ya 70 ingezidi nyuzi 7. Kwa jicho mteremko wa 5 na wa 7 ni mamoja. Kwa mikono ya mama wa miaka sabini na kitu, tofauti yake ni kutoka nje au kukaa ndani. Tulitengeneza ya 108, na akawa anatoka.

Kwa kazi ya namna hiyo kipimapembe cha kidijitali chenye sumaku kinafaa, lakini pima maji ya sentimita 60 inatosha pia. Weka kipande cha mbao cha sentimita 5 chini ya ncha yake iliyo upande wa chini wa rampu. Povu likikaa katikati, una 1 kwa 12.

Kazi nyingine inayodai namba ni fremu za picha zenye kona za nyuzi 45. Fremu ina mikato 8. Ukikosea nusu nyuzi tu katika kila mkato kwa upande uleule, kona ya mwisho itakuwa na pengo la nyuzi 4. Hapo kipimo cha kidijitali kwenye msumeno wa umeme kinalipa gharama yake. Kiweke kwanza juu ya meza ya msumeno, kirudishe sifuri, ndipo ukibandike kwenye diski. Na chomoa plagi kwanza, tafadhali. Nimefunga vidole vya kutosha kazini, sitaki kuviona vyenu.

Mkihama, kumbukeni kuwa pembe pia huhama. Ubao hupungua upana hewa ikikauka, lakini urefu wake haubadiliki sana. Fremu iliyofungwa vizuri katika unyevu wa Jeddah, ikipelekwa kwenye ukavu wa Riyadh, inaweza kuachia kona upande wa ndani. Hilo si kosa la kipimo chako wala la fundi. Ukijua unahama, waache mbao wakae mji mpya wiki kadhaa kabla ya kuzikata.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa kununua ni huu: skwea nzuri, halafu beveli, halafu bikari. Cha kidijitali kije mwisho, siku kazi itakapouliza namba. Wanafunzi wa chumba kimoja wanaweza kuchangiana cha kidijitali, lakini skwea kila mtu awe na yake. Na yule mwanao wa darasa la sita ana kipimapembe cha plastiki kwenye mkoba wa shule. Muombeni kwa adabu, huenda hamhitaji kununua kingine mwaka huu.