Daftari la Watu Wawili

Tuanze na hesabu. Mtu ameajiriwa dukani mjini Kasese kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unamkata asilimia 5, yaani 15,000. Kodi ya mapato ni asilimia 10 ya kinachozidi 235,000. Hiyo ni 6,500. Anapaswa kupokea 278,500, na mwajiri aongeze kwa fedha zake 30,000 nyingine ziende NSSF pamoja na zile 15,000. Mwisho wa mwezi anaitwa, anahesabiwa 260,000, anaambiwa nyingine ni makato. Makato gani? Shilingi 18,500 zimezama ndani ya neno hilo moja. Huenda ni chupa zilizovunjika, huenda ni faini ya kuchelewa, huenda kuna aliyezitia mfukoni. Na zile 45,000 za NSSF hajui kama zilifika. Hana karatasi yoyote mkononi, kwa hiyo hana pa kuanzia hata kuuliza.

Mtu huyu hahitaji kutungiwa haki mpya. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataka kila malipo yaende na taarifa ya maandishi: mshahara ni kiasi gani, kimekatwa nini na kwa sababu gani, kimebaki kiasi gani. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri atoe, ndani ya wiki 12 tangu kazi ianze, maelezo ya maandishi ya ajira, saa za kazi zikiwemo. Kanuni za mwaka 2011 zikaongeza kwamba kibarua akiendelea kazini miezi minne, ukibarua umekwisha. Anastahili mkataba wa maandishi. Lakini miezi minne ihesabiwe na nani? Jina lake liko katika daftari la msimamizi, na daftari liko kabatini kwa msimamizi.

Tunachosema katika toleo hili ni kwamba daftari hilo ni la watu wawili. Kazi imefanywa na mmoja, malipo yametoka kwa mwingine, na kumbukumbu ya mambo hayo mawili haiwezi kuwa mali ya upande mmoja.

Mfikirie askari wa lindo anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 72. Sheria inaweka saa 48 kwa wiki. Pamoja na saa za ziada zisipite 56, na saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, ya sikukuu mara mbili. Kwa wanaofanya kazi kwa zamu imeachwa nafasi: wiki moja yaweza kuzidi, mradi wastani wa wiki tatu usivuke saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Wastani wa wiki tatu! Mtu aliyekesha usiku kucha getini atautoa kichwani? Atautoa tu akiwa na ratiba ya zamu iliyoandikwa, na kando yake saa alizoingia na kutoka kweli. Bila hayo kifungu chote kimemwandikia haki asiyoweza kuipima. Hapo hatujagusa mama anayepigiwa simu jioni kuambiwa zamu yake imegeuzwa na aripoti alfajiri. Ratiba ijulikane mapema, ibandikwe ukutani, na ikibadilishwa mabadiliko yaandikwe. Hilo tunalidai hata pale ambapo sheria haikulitaja kwa undani.

Wapo watakaosema siku hizi mshahara unaingia kwa simu na ujumbe unabaki. Ujumbe unasema kilichoingia. Hausemi kilichokatwa kabla hakijaingia, wala saa zilizohesabiwa.

Lugha nayo isipuuzwe, kwa sababu Sheria ya Ajira inataka taarifa ya malipo iwe katika lugha ambayo mfanyakazi anatazamiwa kuielewa. Pale Mpondwe, mpakani na Kongo, mpakuzi anayeshusha magunia anaweza kuwa wa Bwera au wa Kasindi ng'ambo ya Mto Lhubiriha. Anaongea Lukonzo nyumbani na Kiswahili sokoni. Kiingereza cha kompyuta hakimfai kitu. Kiswahili kimo ndani ya Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Tunapenda kukisikia kwenye hotuba, lakini mahali pake pa kwanza pangekuwa hapo penye safu ya makato.

Kuweka kumbukumbu za kazi si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kibarua alikuwa na kadi ya siku 30 iliyoitwa kipande. Kila siku aliyomaliza kazi ilitiwa alama, na kilipojaa ndipo alipolipwa. Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande chake katika kikebe cha bati shingoni, na ndani yake mwajiri ameandika mshahara, tarehe ya kuanza kazi na ya kuachishwa. Karatasi zilikuwepo, tena zikatunzwa kwa ukali, kwa kuwa zilimsaidia mwenye shamba kumbana kibarua na serikali kumsaka mtoro. Kwa hiyo anayetuambia leo kwamba ni vigumu kuandika siku za kazi za vibarua kumi, hatumwamini. Wakoloni waliandika za maelfu. Sisi tunataka uandishi uleule umtumikie aliyefanya kazi.

Tumemsikia pia mwenye duka la Bwera mwenye wasaidizi wawili, na malalamiko yake tunayaheshimu: biashara ni ndogo, hana karani. Lakini daftari la madeni analo. Anajua nani alichukua kilo mbili za sukari na hajalipa, na siku aliyochukua. Msaidizi wake anadai kuandikwa kwa uangalifu huohuo. Daftari la kaboni, karatasi mbili, sahihi mbili, nakala moja kwa kila mmoja; mashine haihitajiki. Na linamkinga yeye pia, siku msaidizi atakapodai mshahara aliokwisha kulipwa.

Majirani zetu wamekwenda mbele kidogo. Sheria ya Kenya ya 2007 inasema mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti yaliyodaiwa ni wake. Tanzania iliweka sharti la namna hiyo katika sheria yake ya 2004. Na mbali zaidi, mwezi Mei 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka Hispania dhidi ya Deutsche Bank, iliamua kwamba waajiri walazimike kuwa na utaratibu wa kupima saa za kila siku, kwa kuwa bila kipimo ukomo wa saa hauna maana. Kama mfanyakazi wa benki Ulaya anahitaji kipimo, mchimba chumvi wa Katwe anayelipwa kwa mzigo anakihitaji zaidi. Kwake yeye hesabu ya mizigo ndiyo mshahara wenyewe.

Ofisa wa kazi wa wilaya ana mamlaka ya kuingia kazini na kukagua kumbukumbu. Atumie mamlaka hayo bila kungoja malalamiko, maana anayelalamika ndiye wa kwanza kufukuzwa, na kutoka Bwera hadi ofisi za wilaya nauli ya kwenda na kurudi yaweza kumeza ujira wa siku. Wakati tukimngoja, ukurasa wa mwisho wa toleo hili tumeuacha na safu tupu kwa Kiswahili na Lukonzo: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mizigo, kilicholipwa, kilichokatwa na sababu yake, sahihi ya mwajiri, sahihi ya mfanyakazi. Ukateni, toeni nakala, anzeni kujaza Jumatatu.