Kabla ya Kuuliza Mshahara

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, maelfu ya vijana wa Tanzania hutakiwa kuamua kama wataendelea na fizikia, kemia na biolojia, au na historia, jiografia na Kiswahili; na katika nyumba nyingi uamuzi huo mzito hupitishwa jioni moja, baba akitaja kazi yenye mshahara, mjomba akitaja kazi yenye jaha, ilhali yule atakayeifanya kazi yenyewe kwa miaka thelathini ameketi pembeni akisikiliza. Siwalaumu wazazi hao. Wameonja ufukara, wameona vijana wenye shahada wakizunguka na bahasha za vyeti toka ofisi moja hadi nyingine, na hofu yao ni hofu ya mapenzi. Swali la mshahara ni swali la halali kabisa. Ninalokataa ni kuliweka mbele ya swali jingine linalolitangulia kwa haki: ni mambo gani ambayo kijana huyu anayathamini kiasi cha kutokuwa tayari kuyatoa kwa ijara yoyote?

Mtu akiulizwa tunu za nafsi yake hujibu upesi: uaminifu, familia, elimu, dini. Majibu hayo ni mema, lakini hayamsaidii, kwa kuwa kila mtu huyatoa. Tunu ya kweli hujulikana kwa gharama ambayo mwenyewe amekwisha kuilipa: saa alizozitumia bila kuamriwa na mtu, fedha aliyoiacha ipite, urafiki alioukubali uvunjike kuliko kusema uongo, na dhuluma iliyomkosesha usingizi wakati wenzake walilala. Kijana wa miaka kumi na minane ana kumbukumbu za kutosha za mambo hayo; kinachopungua aghalabu ni mtu mzima wa kumuuliza na kumsikiliza mpaka mwisho.

Mchukue karani kijana katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Dar es Salaam. Mshahara wake unamtosha kulipa kodi ya vyumba viwili na ada ya mdogo wake. Mezani pake ipo ankara ya mzigo wa vitenge, na katika simu yake upo ujumbe wa mkubwa wake ukimtaka ajaze, katika tamko la forodha, bei iliyo nusu ya ile anayoiona kwa macho yake. Mzigo sharti utoke kabla ya saa kumi. Kijana huyu si mwovu. Lakini ikiwa hajapata kujiuliza, katika saa ya utulivu, ni lipi asiloweza kulifanya, basi leo hofu ya kodi ya nyumba itajibu kwa niaba yake, na kesho jibu hilo litakuwa mazoea. Nimewaona watu wema wakifika uzeeni katika kazi wasizoweza kuwasimulia watoto wao, na chanzo kilikuwa alasiri kama hiyo.

Wala haina maana kwamba kila ajuaye anachokithamini hana budi kuacha kazi. Mshairi na mwandishi Shaaban Robert aliingia idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926, akiwa na miaka 17, akatumika humo hata 1944, kisha akaendelea na ukarani katika ofisi nyingine za serikali kwa muda mrefu wa maisha yake yaliyobaki. Ukarani ulimpa riziki. Kilichoipa nafsi yake thamani kilikuwa lugha na adili, na hivyo alivitumikia kwa kalamu bila kungoja idara yoyote imruhusu. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zimechapishwa, nami huwashauri vijana wanaodhani kwamba kazi isiyowafurahisha imewanyima kila kitu wazisome kwa makini.

Lakini huja saa ambapo mambo mawili hayawezi tena kukaa pamoja. Mwaka 1955 Julius Nyerere alikuwa na shahada ya Edinburgh, kazi ya ualimu katika shule ya Pugu aliyoipenda, na uongozi wa chama cha TANU kilichoundwa Julai 1954. Aliporejea kutoka New York, alikokwenda kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, alitakiwa achague darasa au siasa. Aliacha kazi, akarudi kwao pamoja na mke na watoto wadogo, na kwa muda akapata riziki kwa kumfundisha padri wa Kimarekani lugha ya Kizanaki. Watu husimulia habari hii kama ushujaa wa siku moja. Mimi naona ulikuwa umeandaliwa zamani, kwani hata alipotoka Makerere alikwenda kufundisha katika shule ya wamisionari Tabora, ingawa mji huo huo ulikuwa na shule ya serikali ambayo angeweza kuichagua.

Nitaambiwa kwamba kuchagua ni anasa ya wenye nacho. Mama anayefagia ofisi alfajiri ili wanawe wale, amechagua nini? Amechagua wanawe, nayo ni tunu iliyo juu ya nyingi zinazotajwa katika mahafali. Asiaibike. Ila na ajue kwamba amechagua hilo, kusudi watoto wakiisha kusimama, asibaki pale kwa ajizi na kudhani kwamba hana jingine.

Walimu wenye dhamana ya ushauri mashuleni na wawape wanafunzi nafasi ya kuyazungumza haya tangu kidato cha pili, na likizo ziwe wakati wa kukaa karibu na wenye kazi na kuona inavyofanywa. Nawe msomaji uliye kazini tayari, andika leo mambo matatu usiyoweza kuyauza, uyapange kwa daraja, kwa maana siku moja yatagombana yenyewe kwa yenyewe. Kisha mwonyeshe karatasi hiyo mtu anayekujua vya kutosha hata akubishie.