Nusu ya mwenzetu hailipiwi

Makala kuhusu ruzuku za utafiti ni nzuri, lakini mwandishi angeifafanua zaidi hesabu ya ruzuku hizo. Afrika Kusini, makala moja katika jarida lililoidhinishwa ni uniti 1, na serikali hukipa chuo ruzuku kwa kila uniti. Wakiandika wawili, mmoja wa Durban na mwingine wa Dar es Salaam, chuo cha Durban kinapata 0.5 tu. Nusu iliyobaki hapewi mtu. Mimi nimejaza fomu hizi ofisini: unakagua chuo kilichoandikwa chini ya jina la kila mwandishi, na asipokitaja, uniti imepotea, hata kama utafiti ameufanyia palepale. Sasa mkuu wa kitivo aliyebanwa na bajeti atamhimiza nani ashirikiane na wenzetu wa vyuo vya Muhimbili au Makerere? Sera ya ruzuku ya serikali hiyo ya 2015 iliinua kiwango cha juu cha kitabu kutoka uniti 5 hadi 10, na hapo nawapongeza kwa dhati, maana kitabu cha historia humla mtu miaka. Basi waukumbuke na ushirikiano: mwandishi mwenza akitoka chuo cha Afrika, makala ihesabiwe uniti nzima.