"Mji wa watu wetu": shauri baya tunalopeana

Kuna shauri moja ambalo kila jamaa inalipata siku inapofunga mizigo. Wajomba wanalitoa, viongozi wa mutuelle wanalitoa, hata kwenye kiwanja cha kanisa kisha misa unalisikia: "Muende kule kwenye kuko batu yetu." Haiulizwi kama kule kuna kazi, kama kuna masomo, kama watoto wataelewana na watoto wa jirani. Inaulizwa tu kama kuna watu wetu.

Shauri hili limerudi kwa nguvu sana. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na mwezi wa pili Bukavu ikafuata. Jamaa zilizoweza kutoka zilijiuliza pa kwenda: Kisangani? Kalemie? Lubumbashi? Kinshasa? Kwa upande mwingine, vijana wa Kasai wanapanda treni kuja Lubumbashi na Kolwezi kutafuta mkate. Tena kuna wengi ambao hawafukuzwi na vita: mwalimu anayehamishwa, mjane anayefuata mtoto wake, kijana aliyemaliza humanités anayetafuta chuo. Wote wanaambiwa lile neno moja.

Ninasema wazi: shauri hilo ni baya. Linachukua kabila na kuliita desturi, kumbe si kitu kimoja. Mji unaotufaa kwa desturi upo, na ni haki ya mzazi kuutafuta. Lakini hatuupati kwa kuhesabu ni wangapi pale waliotoka katika kijiji cha babu.

1. Mji ni wa nani?

Tuanze na Lubumbashi, mji ambao unasikia kila siku kwamba ni "wa" fulani. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910, wakauita Élisabethville, juu ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906. Udongo ulikuwa wa machifu wa hapa, Walamba kati yao. Lakini walamba hawakutosha kuchimba shaba. Kampuni ikachukua watu Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ikachukua Lomami, Kasai, Maniema, hata Rwanda na Burundi. Mwisho wa miaka ya 1920 ikaanza kuwaacha wafanya kazi waje na wake zao, wazae kwenye kambi, watoto wasome pale pale. Njo vile mji ulivyokuwa mji.

Na lugha yake je? Swahili ya Katanga haikuletwa na kabila moja. Ilikuwa imeshafika magharibi kwa njia ya misafara ya biashara, mpaka Bunkeya kwa M'siri, ambaye yeye mwenyewe alitoka Unyamwezi. Kisha kazi ya migodi na ya reli ikaisambaza, na wake kwa waume wa makabila yote wakaifinyanga sokoni, kisimani, kwenye bar na kwenye kilio. Mswahili wa pwani akiisikia anaweza kucheka. Acheke. Ni lugha iliyojengwa na wageni ili waishi pamoja, na leo ndiyo lugha ya mama kwa watoto wa Kamalondo, Katuba na Ruashi.

Angalieni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji. Alizaliwa Lubumbashi, asili yake Kasai. Katika miaka ya 1970 alichora historia ya inchi yetu, picha moja baada ya nyingine, na akaieleza kwa Swahili ya Katanga. Huyo alikuwa mtu wa wapi? Ukijibu "wa Kasai", umefuta kazi yake yote. Ukijibu "wa Lubumbashi", basi umekubali kwamba mtu anaweza kuwa wa mji kwa lugha, kwa kazi na kwa maisha, bila kuulizwa damu.

2. Tulishalipa bei ya neno hili

Kuna wanaosema: "Mwalimu, hayo ni maneno ya vitabu." Hapana. Ni maneno ya stesheni ya treni.

Mwaka 1992, siasa ilipochemka kati ya wale wa UFERI na wale wa UDPS, watu wa asili ya Kasai walianza kufukuzwa Likasi. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Waliitwa "bilulu", wadudu. Walitolewa kazini na katika nyumba za kampuni, wakajaa kwenye stesheni, siku na majuma, wakingojea treni za kuwapeleka "kwao". Wengi walikufa pale na njiani kwa njaa na magonjwa.

Sasa sikieni jambo ambalo halisemwi sana. Hao watu walipelekwa Mwene-Ditu, Mbujimayi, Kananga, yaani hasa kwenye "miji ya watu wao". Kwa hesabu ya wajomba zetu, walipaswa kufurahi. Lakini mtoto aliyezaliwa Likasi kwa baba aliyezaliwa Likasi alifika pale akiongea Swahili. Tshiluba yake ilikuwa ya kuvunjika. Sokoni alijulikana akifungua kinywa tu. Wakapewa jina: refoulés, waliorudishwa. Damu ilikuwa moja, jina lilikuwa moja, lakini namna ya kusalimu, ya kula, ya kucheka ilikuwa nyingine. Wengi wao miaka ilipopita walirudi Katanga, wakarudi kwenye mji uliowatukana. Juu ya nini? Juu pale ndipo walipojua kuishi.

Mtu akisema kabila ndilo desturi, anijibu hilo kwanza.

Na msifikiri kwamba mji wa kabila moja una amani ya bure. Mbujimayi, Bakwanga ya zamani, iliongezeka sana wakati Waluba walipofukuzwa Luluabourg katika ugomvi na Walulua, kuanzia 1959. Walikusanyika pale watu wa kabila moja. Je, mafarakano yaliisha? Hayakuisha. Waluba wenyewe wakagawanyika, wa Mutu wa Mukuna upande huu, wa Tshibanda upande ule. Anayetafuta mji wa "watu wetu" hafiki mwisho: kisha kabila atatafuta ukoo, kisha ukoo atatafuta nyumba, na ndani ya nyumba atagombana na kaka yake juu ya parsele.

3. Maswali ya kuuliza

Basi tuulize nini? Mimi ninaona maswali manne, na kila moja linagusa desturi kuliko kabila.

La kwanza ni lugha ya sokoni na ya uwanja wa shule. Mzazi wa Bukavu anayeenda Kalemie, Kindu, Kolwezi au Lubumbashi, mtoto wake atacheza siku ile ile. Watamcheka kidogo juu anasema maneno ya Kivu, naye atawacheka wao, kisha yataisha. Kisangani atakuta Swahili na Lingala pamoja. Kinshasa itabidi ajifunze Lingala, na ataweza, watoto wanaweza. Lakini mama yake wa miaka hamsini anayeuza sambaza, je, ataweza kubishana bei? Na tuone jambo la kuchekesha: ukifika Kinshasa, uwe Mushi, Murega, Muhunde au Muluba wa Katanga, wote mnaitwa "Baswahili". Mkinshasa ameelewa kitu ambacho wajomba zetu wanakataa kuelewa: kwake yeye sisi ni watu wa lugha moja.

La pili ni kilio. Ukitaka kujua mji, usiangalie harusi. Angalia namna wanavyozika. Uliza: mtu akifiwa, jirani wanakuja au wanapeleka salamu kwa telefone? Wanalala pale siku ngapi? Nani anatoa unga na makala? Lubumbashi, kwenye kilio, utakuta bizukulu, wale wajukuu wa utani, wanamwiga marehemu mpaka wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Mtu asiyeambiwa mapema anaweza kufikiri anatukanwa. Akielewa, atajua kwamba amepokelewa.

La tatu ni ndoa. Watoto wako watakua, na wataoa pale. Je, jamaa za pale zinapokea mahari kwa mazungumzo, au zinatoa orodha iliyoandikwa kwa mashine, vitu na bei? Je, mila mbili zikikutana, kuna wazee wanaojua kuketi na kusuluhisha? Mji wenye wazee wa namna hiyo ni tajiri hata kama hauna lami.

La nne ni chungu. Wengi watacheka, lakini chakula ni desturi ya kila siku. Lubumbashi ni bukari ya mahindi, na unga mwingi unatoka Zambia. Zambia ikifunga mpaka, bei inapanda na mji mzima unalalamika. Aliyezoea bugali wa muhogo ajiandae. Kisangani kuna wali na lituma ya ndizi. Sombe utaikuta karibu kila fasi, hata Kinshasa, ambako wataiita pondu. Hapo angalau tunaelewana.

Ukiuliza maswali haya manne, utaona kwamba mji wenye watu wengi wa kijiji chako unaweza kuwa mgeni kwako kabisa, na mji usio na hata mmoja unaweza kukupokea.

4. Majibu kwa wanaopinga

Watasema: "Anayefika fasi ambako hana ndugu atalala inje." Ni kweli. Damu ni nzito kuliko maji, na mutuelle imeokoa wengi: imelipa hospitali, imenunua sanduku, imepokea watu usiku wa manane. Sitaki ife. Ninataka iwe mlango wa kuingilia mjini, isiwe ukuta. Tunazijua mutuelle ambazo kisha miaka kumi bado zinamwambia mwanachama apange nyumba kwa mtu wa kwetu, anunue kwa mtu wa kwetu, amzike mtu wa kwetu tu. Huyo hajahama. Amebeba kijiji mgongoni, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta hamjui jina. Siku nyumba inaposhika moto, nani atakuja na ndoo? Afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Hilo wazee wetu walilijua kabla ya mutuelle.

Wengine watasema: "Mji wa wengine utawapotezea watoto lugha ya kwetu." Hapa nitakuwa mkali kidogo, juu mimi ninafundisha watoto hao. Kila mwaka ninawapa wanafunzi wa sekondari kazi ya kuandika juu ya kijiji chao. Wengi hawajakifika hata siku moja, na hilo si kosa lao. Lakini ninapouliza ni nani anaweza kumsalimu bibi yake kwa lugha ya bibi, vidole vinavyoinuka ni vichache. Je, mji ndio ulioiba lugha hiyo? Nyumbani baba anaongea Kifaransa cha kujionyesha, mama anajibu kwa Swahili, na lugha ya bibi inatoka siku ya matusi tu. Kisha wanalaumu Lubumbashi! Lugha ya asili inafundishwa kwenye mkeka wa nyumba, jioni, na mzazi. Aliyeshindwa kuifundisha Bukavu hataifundisha Kinshasa, hataifundisha hata katika kijiji chenyewe.

Na kwa ninyi mnaojiita wenyeji, mnaosema "Hawa warudi kwao": Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kipengele cha 30, inampa kila mtu aliye katika inchi haki ya kutembea na kukaa mahali anapotaka, kwa kufuata sheria. Katanga ilikatwa kuwa majimbo manne mwaka 2015. Kwa mawazo yenu, mtu wa Kalemie leo ni mgeni Lubumbashi, na wa Kamina ni mgeni Kolwezi. Mtaendelea kukata mpaka wapi? Ninakubali kwamba mgeni naye ana deni. Anayefika na kudharau mila za pale, anayekataa kuja kwenye kilio cha jirani, anayesema "sisi tumewazidi akili", huyo anawasha moto mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mithali hii inamtaka mgeni alete kitu, na inamtaka mwenyeji afungue mlango.

5. Neno la mwisho kwa wazazi

Wazazi, jamaa ikikaa kuchagua mji, msiwaachie wajomba peke yao. Waulizeni na watoto, juu wao ndio watakaozeeka pale. Tumeni mtu mmoja atangulie, akae majuma mawili, aende sokoni, aende kwenye kilio cha mtu asiyemjua, aone kama wanampa kiti. Akirudi, msimuulize amekuta wangapi wa kwetu. Muulizeni kama walimsalimu, kama alielewa, na kama alieleweka.

Kisha bebeni mila zenu: majina, hadithi, heshima kwa wakwe, namna ya kumpokea mgeni. Hizo hazina uzito kwenye mizigo, na hakuna askari wa barrière atakayeziomba.