Kisanduku Kilichoachwa Kitupu

Wakufunzi wengi tunaofundisha wanachuo kutengeneza fomu za tovuti huanza somo la visanduku kwa kisanduku kilichotiwa alama ya vema. Mwanachuo huonyeshwa namna ya kukiweka katika ukurasa, huambiwa akibofye, kisha hupewa amri moja ya kuandika katika programu ya seva ili kuipokea alama ile. Kioo chaonyesha neno "ndiyo", darasa lafurahi, na kengele yalia. Maoni yangu ni kwamba somo la namna hiyo limeanzia mwisho. Yafaa lianze na kisanduku kilichoachwa kitupu, kwa kuwa humo ndimo yanamozaliwa makosa mazito.

Mwanachuo haji darasani bila ujuzi wowote wa visanduku. Tangu shule ya msingi ametia alama za vema katika karatasi za mtihani, na amejaza fomu nyingi za karatasi. Katika karatasi kisanduku kitupu huonekana. Mwenye kuipokea ajua kwamba swali liliulizwa na mtu hakulitilia alama. Fomu ya tovuti haina tabia hiyo. Mtu abofyapo kitufe cha kutuma, kivinjari hukusanya majina ya sehemu zilizojazwa pamoja na thamani zake, kikavipeleka kwa seva. Kisanduku kisichotiwa alama hukiacha nyuma kabisa. Hakipeleki "hapana", wala hakipeleki sifuri. Hata jina la kisanduku halisafiri. Kanuni hii si ya jana. Imo katika maelezo rasmi ya lugha ya HTML, toleo la 4.01 la mwaka 1999, na vivinjari vya leo vyaifuata bado.

Basi ukimya unaofika kwenye seva una maana zaidi ya moja. Huenda mtu aliulizwa akaacha kutia alama. Huenda pia hakuulizwa kabisa. Programu haiwezi kuzitenga hali hizi mbili mpaka mtengenezaji afanye jambo la makusudi.

Nayasema haya kwa sababu kosa hili nililifanya mimi mwenyewe. Katika chuo nilichokuwa nikifundisha, tulitengeneza pamoja na wanachuo fomu ya kujiandikisha kwa mazoezi ya kufundisha. Kulikuwa na kisanduku kwa mwenye pumu, ili apangiwe shule iliyo karibu na hospitali. Baadaye tukaongeza fomu fupi ya kubadili namba ya simu. Fomu zote mbili zilitumia programu ile ile ya kuhifadhi, nayo ilikuwa imefundishwa hivi: jina la kisanduku likifika, andika "ndiyo", lisipofika, andika "hapana". Mwanachuo mmoja mwenye pumu alibadili namba yake ya simu. Fomu fupi haikuwa na swali la pumu, jina la kisanduku halikufika, na programu ikafuta "ndiyo" yake. Alipangiwa shule ya mbali. Alipokuja ofisini kulalamika kwamba alitia alama, tulifungua kumbukumbu tukaona "hapana", nasi tukamwambia amesahau. Aliondoka akiwa ameamini kwamba amesahau kweli. Ilichukua wiki tatu kugundua kwamba aliyesahau ni mimi.

Tangu hapo nimebadili mpango wa somo. Kipindi cha kwanza hatuwashi kompyuta. Mwanachuo mmoja huwa kivinjari, mwingine huwa seva naye huketi nje ya mlango. Darasa hujaza fomu ubaoni; kivinjari huandika katika kipande cha karatasi vile tu vinavyosafiri, mathalani darasa=5 na pumu=1, akakitia katika bahasha. Seva hufungua bahasha na kutuambia fomu ilikuwaje ubaoni. Mara ya kwanza hupata. Mara ya pili tunafuta alama ya pumu, bahasha inafika na darasa=5 peke yake, na seva husema fomu haikuwa na swali la pumu. Darasa hucheka, kisha hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko ninakokutafuta; amri za programu zifundishwe baada yake.

Wenzangu kadhaa hunipinga. Husema muda ni mfupi, na dawa inajulikana: weka kisehemu kilichofichwa chenye jina lile lile na thamani ya sifuri, kabla ya kisanduku, ili sikuzote kitu kifike. Dawa hiyo si mbaya. Kwa hakika ndiyo huiambia seva kwamba swali liliulizwa. Lakini mwanachuo aliyeikariri bila kuielewa hupotea mara abadilipo lugha. Katika PHP, majina mawili yanayofanana yakifika, thamani ya mwisho huishinda ya kwanza, na dawa hufanya kazi. Katika programu za seva za Java, amri ya kawaida ya kusoma kisehemu, getParameter, hurudisha thamani ya kwanza. Hapo kila aliyetia alama husomwa sifuri. Huyo aliyekariri atalaumu kompyuta, na mwenziwe aliyewahi kuwa bahasha mkononi atauliza ni kipi kilichofika, na kwa utaratibu gani.

Visanduku vingi vyenye jina moja vina mtego wa jamaa hiyo hiyo. Anayechagua Hisabati, Fizikia na Kemia katika fomu ya PHP atabakiwa na Kemia tu, endapo mtengenezaji hakutia mabano ya mraba mwishoni mwa jina ili zipokewe kama orodha. Tena seva isiamini kwamba kilichofika kimetoka katika visanduku vyake, maana mtu yeyote aweza kutunga ujumbe wake na kuutuma. Kila thamani ilinganishwe na orodha ya masomo yanayokubalika. Haya hufundishika upesi, bahasha ikisha kueleweka.

Liko swali kubwa zaidi ambalo silabasi hulipita: je, kisanduku kilifaa? Kwa jambo la afya au la ridhaa, mimi nasema hakifai. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka Ujerumani, iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama na mwenye tovuti si ridhaa ya mtumiaji, hata kama mtumiaji hakukifuta. Mahakama ilikataa kuufanya ukimya wa mtu kuwa "ndiyo". Programu yangu iliufanya kuwa "hapana". Vitufe viwili vya duara, kimoja cha ndiyo na kimoja cha hapana, pasipo kimoja kuchaguliwa kabla, humlazimisha mtu ajibu. Asipojibu, seva huirudisha fomu na kumwomba ajibu.

Fomu yetu ya mazoezi sasa ina vitufe hivyo viwili. Na fomu ya kubadili namba ya simu hubadili namba ya simu, basi.