Kabla ya Kununua Hiyo Pakiti, Pima



Juzi mama mmoja wa kanisa letu alinitumia picha ya pakiti ya unga. Ameambiwa ni "seli shina", unatibu kisukari, presha na magoti. Bei yake inazidi kodi ya nyumba yake. Akaniuliza, "Pasta, ninunue?"

Nilimwambia hapana. Leo nakuambia na wewe, kwa sababu unga huo unauzwa hadi mlangoni pa kanisa baada ya ibada.

Seli shina si uongo, mpendwa. Unazo sasa hivi. Ndani ya mifupa yako kuna uboho, na ndani ya uboho kuna seli chache ambazo kazi yake ni kuzalisha damu maisha yako yote. Seli nyekundu huishi siku kama 120, kisha hufa. Kila sekunde mwili wako hutengeneza nyingine kama milioni 2. Hukuomba, hukulipa. Soma Zaburi 139 ukiwa na hilo moyoni.

Tulijuaje? Mwaka 1961, kule Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch walichukua panya ambao uboho wao ulikuwa umeharibiwa kwa mionzi, wakawadunga seli za uboho kutoka kwa panya wazima. Siku kama 10 baadaye wakaona vivimbe kwenye bandama. Hawakukimbilia kuuza kitu. Walivihesabu, wakarudia, na kufikia 1963 wakaonyesha kwamba kivimbe kizima kinaweza kutokana na seli moja tu. Kazi hiyo ilisaidia kueleza kwa nini upandikizaji wa uboho hufaulu. Leo upandikizaji huo hutibu baadhi ya saratani za damu, na selimundu kwa baadhi ya wagonjwa. Hufanyika hospitalini, kwa uboho unaolingana na wa mgonjwa. Haukorogwi kwenye kikombe cha chai.

Seli shina hai haikai ndani ya unga mkavu. Na ukiumeza, tumbo litausaga kama linavyosaga ugali.

Kwa hiyo muulize muuzaji: ulijaribiwa kwa watu wangapi? Wangapi walipona, na wangapi hawakupona? Akikujibu kwa ushuhuda peke yake, funga pochi.

Kuna atakayesema pasta amepungukiwa imani. Ndugu yangu, soma Matendo 17. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuchunguza hata mahubiri ya Paulo. Kama Paulo alichunguzwa, pakiti ni nani isichunguzwe?

Ninaamini Mungu anaponya, na nitakuwekea mikono Jumapili. Lakini usiache dawa zako za presha wala kliniki yako ya kisukari kwa sababu ya unga. Na wewe unayeuza, hata kama ni shemasi, nakuomba kwa upendo: usiuze kanisani.

Baba, tupe hekima ya kupima na imani ya kungoja. Katika jina la Yesu, amina. 🙏

Mtumie mzazi wako ujumbe huu kabla hajalipa. Ubarikiwe.