Ndege ikikwama, mfanyakazi asiitwe mtoro

Wako watu wanaodhani hata leo ya kuwa ndege ni chombo cha mabwana na matajiri. Siku hizi anayepanda ndege ni binti wa mchuma chai aliyeajiriwa kazi za nyumbani Riyadh au Dubai. Ni mfanyakazi wa kiwandani aliyejinyima mwaka mzima ili akamwone mama yake mgonjwa. Wengi wa ndugu hawa hubadilisha ndege Nairobi, kwa hiyo yanayotokea kwa jirani zetu Kenya yanatuhusu.

Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma. Pamoja na mengine, walidai mwajiri arudishe mchango wake katika akiba yao ya uzeeni. Walirejea kazini tarehe 9 kwa amri ya mahakama. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa kiwanja cha Jomo Kenyatta waligoma kupinga mpango wa kukikodisha kiwanja hicho kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Mgomo ulikwisha siku hiyo hiyo kwa mapatano, na mwezi Novemba mpango wenyewe ukafutwa.

Abiria waliokwama na mizigo yao walikuwa na uchungu, na uchungu huo tunaufahamu. Anayekwenda mazishini hana siku ya kungoja. Lakini mpakia mizigo na fundi wa ndege ni wafanyakazi kama sisi, nao walikuwa wakitetea kazi zao. Tusiwalaani. Tujiulize badala yake: hasara ya siku zile inamwangukia nani?

Inamwangukia aliye likizoni. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku za likizo zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka. Ndege ya kurudi ikiahirishwa siku tatu, anafika kazini na kukuta jina lake limeandikwa miongoni mwa watoro.

Mwezi Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa. Maua ya Kenya yakaoza kwa kukosa ndege, na vibarua wengi wa mashamba ya Naivasha wakaambiwa wakae nyumbani. Ndege ikimkwamia mwajiri, inaitwa kazi ya Mungu, na mfanyakazi hutakiwa kuvumilia. Ikimkwamia mfanyakazi, inaitwa utoro. Haki gani hiyo?

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 44, inasema kukosa kazini bila ruhusa au sababu nyingine ya halali kwaweza kuwa kosa la kufukuzwa. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa lake na asikilizwe kwanza, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Hayo ni mema. Lakini sababu ya halali ni ipi? Likiachwa hivyo, meneja ndiye atakayeamua.

Kwa hiyo jambo hili liandikwe katika mkataba baina ya chama na mwajiri, kwao na kwetu pia: safari ikivunjika pasipo kosa la mfanyakazi, siku hizo zisihesabiwe utoro, bali zikatwe katika likizo ijayo au ziwe likizo bila malipo, kama atakavyochagua yeye.

Nasi tuna wajibu wetu. Ukikwama, dai barua ya kampuni ya ndege inayotaja siku na sababu. Tunza tiketi. Piga simu kwa msimamizi wako na kwa mwakilishi wa chama siku ile ile, usingoje kufika. Mwakilishi hawezi kumtetea mtu asiye na karatasi mkononi.

Viongozi wa matawi, mazungumzo ya mkataba yatakapofunguliwa, dai hili liwemo mezani pamoja na mishahara.